Mashine Iliyosikia Kupita Kiasi

Kitu kilichomnyima Papa Ramazani raha maishani ni ule mvumo wa kaseti. Wenzake wa Bukavu walilalamikia matope, walilalamikia umeme, walilalamikia bei ya makala. Yeye alilalamikia ile "shhhh" inayotangulia wimbo kabla gitaa halijaanza. Alikuwa na meza yake ya kaseti karibu na soko la Nyawera, na mteja akija kununua hakumuuzia mpaka kwanza waisikilize pamoja, yeye ameinamisha kichwa upande mmoja kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Hii imechoka," alikuwa akisema. "Rudi juma lijalo, nitakutafutia nzuri."

Mteja alikwenda zake, akainunua ileile kwenye meza nyingine, na akacheza nayo usiku kucha bila kudhurika.

Babu zake Ramazani walikuwa watu wa pwani waliotembea na vitambaa vyao mpaka Ujiji, wakavuka hadi Uvira, na baadhi yao wakapanda milima mpaka Bukavu. Biashara ilikuwa ndani ya damu, ingawa kwake yeye damu hiyo ilikuwa imechujuka kidogo. Alichobakiwa nacho ni ulimi. Nyumbani aliongea kama watu wote wa mji, lakini akitaka kuuza kitu, Kiswahili chake kilinyooka ghafla kama kanzu iliyotoka kupigwa pasi. Mkewe, Mwanvita, akisikia mumewe anaanza kusema "naam" na "bila shaka", alijua kuna hasara inakuja.

Basi mwaka 2008 hivi, binamu yake Rashidi, aliyekuwa akihangaika na biashara huko Dubai, alimtumia kasha kupitia kwa mfanyabiashara aliyekuwa akirudi. Ndani mlikuwa na mashine ndogo ya kung'aa, kipaza sauti cha ukubwa wa kidole, na visahani vingi vilivyofungwa kwenye karatasi za nailoni. Kila kisahani kilikuwa kimevikwa koti la plastiki la pembe nne, nacho kilikuwa kidogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja cha mkono. Kwa mbali ungedhani ni biskuti.

"Zinaitwa minidiski," Rashidi alimweleza kwa simu. "Za Wajapani. Hazina mvumo hata kidogo."

Ramazani alikaa chini. Jioni hiyohiyo aliwasha mashine jikoni wakati Mwanvita anakaanga sambaza, kisha akairudisha na kusikiliza. Alisikia mafuta yanavyoruka, samaki mmoja mmoja. Alisikia bangili za mkewe. Alisikia jirani wa nyuma ya ukuta akipiga chafya, tena akijiombea afya mwenyewe. Hapakuwa na "shhhh" popote. Machozi yalimlengalenga.

"Unalilia sambaza?" Mwanvita aliuliza.

"Nalilia miaka niliyopoteza," Ramazani akajibu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka sana.

Kesho yake aliiweka mashine katikati ya meza pale Nyawera na kuanza kuhubiri. Wapita njia walisimama, wakavaa visikilizio vyake masikioni, wakatikisa kichwa kwa mshangao. Hata Hervé, jirani yake aliyeuza redio na betri, mtu mnene mwenye maswali mengi, alikubali kwamba sauti ile ilikuwa safi kama maji ya chupa.

"Mais, Papa Ramazani," alisema Hervé, akigeuzageuza kisahani kimoja, "hii inaingiaka mu redio gani?"

"Haiingii kwenye redio. Inaingia kwenye mashine yake."

"Na ile mashine inauzishwa wapi?"

"Itakuja."

"Kwa hiyo mutu anauza kisahani leo, anangojea mashine?" Hervé aliuliza, maana katika Kiswahili cha Bukavu kuuza ni kununua na kuuzisha ni kuuza, na hapo ndipo watu wa pwani hupotea njia.

"Ndugu yangu," Ramazani alisema, "kaseti nayo ilipokuja, nani alikuwa na redio kaseti? Watu walianza na moja mtaani."

Hervé alikirudisha kisahani mezani, naye Ramazani akaona ameshinda. Ila hakuuza hata kisahani kimoja siku ile, wala juma lile. Ndipo akapata wazo lililomfanya ajulikane mpaka mtaa wa Cimpunda: asiwauzie watu minidiski tupu. Aende kwenye harusi zao, anase kila sauti, awauzie harusi yenyewe.

Wa kwanza walikuwa Steve na Chantal. Steve alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na Chantal alikuwa binti wa Maman Eulalie, mwanamke wa Cimpunda aliyeuza unga wa muhogo na ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Harusi ilifungwa kanisani, chorale ikaimba kwa sauti nne, na Ramazani, Mwislamu mwenye kofia yake ya kufuma, akasimama karibu na nguzo akishika kipaza sauti kama mtu aliyeshika yai. Padri alimtazama mara mbili. Baadaye, kwenye ukumbi, alikificha kipaza sauti ndani ya maua ya meza kubwa, akakaa pembeni kwa utulivu akila wali.

Siku chache baadaye alimpelekea Steve kisahani chake ndani ya bahasha. Kabla jua halijazama, Steve alikuwa mlangoni, na nyuma yake Tonton Alphonse, ndugu wa baba yake, mzee mwenye suti na fimbo aliyesimamia mambo yote ya ukoo.

"Papa Ramazani," Steve alianza kwa adabu, "tumejaribu kuiingiza mu redio. Inakataa."

"Tumeisukuma na kisu," Tonton Alphonse aliongeza. "Tulikuomba CD, unatuletea mutoto ya CD. Atakomaa lini?"

Ramazani aliwaeleza kuhusu Wajapani. Aliwaeleza kuhusu mvumo. Walisikiliza kwa heshima, kisha Tonton Alphonse akauliza swali moja tu: "Na harusi yetu tutaisikiaka wapi?"

Hapo Ramazani akatamka maneno ambayo Mwanvita hakumsamehe kwa muda mrefu.

"Hapa kwangu," alisema. "Njooni Jumamosi."

Walikuja Jumamosi, na hawakuja wawili. Alikuja Steve na Chantal, Tonton Alphonse na mkewe, parrain na marraine waliosimamia ndoa, na nusu ya chorale waliotaka kujisikia. Ramazani aliunganisha mashine na spika zake mbili, akaziba dirisha kwa pazia. Waliposikia Chantal akisema "ndiyo" mbele ya padri, na kabla ya ile "ndiyo" wakasikia hata jinsi alivyovuta pumzi, sebule nzima iliinamia spika. Chantal alilia. Marraine alilia. Soprano mmoja alithibitisha kwamba mwenzake alikuwa akiimba nje ya sauti, akamtazama kwa jicho ambalo lilisubiri tangu siku ya harusi. Mwanvita, kwa kuwa huwezi kuacha wageni wanalia tumbo tupu, alichemsha chai ya tangawizi na kukaanga mandazi. Walipokuwa karibu kufika kwenye sherehe ya ukumbini, umeme ukakatika.

"Tutarudia," Tonton Alphonse alitangaza, akijifuta makombo. "Siku Maman Eulalie akitoka Uvira, tutakuya familia yote mbili."

Habari zilienea. Chorale moja ikaleta nyingine. Ramazani alinasa ubatizo, alinasa ndoa, alinasa hata mkutano wa wauza viatu. Kila aliyepewa kisahani alikitia mfukoni kwa fahari, akakitazama nyumbani, kisha akakileta Jumamosi kwa Ramazani ili akisikilize. Mwanvita aliazima benchi kutoka msikitini, kisha akaazima nyingine. Watu wasiofahamiana walikaa goti kwa goti wakingoja zamu ya harusi yao, huku wakisikiliza ubatizo wa mtoto wa wengine.

"Hii mashine yako," Mwanvita alimwambia mumewe akiwa amekunja mikono mbele ya sufuria, "inachezaka na sukari yangu."

Ramazani alimpigia Rashidi kuomba mashine zaidi, ili kila mtu asikilize kwake. Rashidi alikohoa.

"Ndugu yangu, usinikasirikie. Huku nako hakuna anayezitaka. Siku niliponunua, mwenye duka alinisindikiza mpaka nje, akanifungulia mlango wa gari."

"Mtu mwenye heshima," Ramazani alisema, akakata simu akiwa na moyo mkunjufu.

Kati ya wageni wote wa Jumamosi, aliyekuja bila kukosa ni mzee Akonkwa wa kijiji cha Nyantende. Ramazani alikuwa amekwenda huko kwenye harusi ya mjukuu wa mzee huyo, chini ya hema la turubai, kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikizunguka kwenye vibuyu. Mke wa Akonkwa, Maman Monique, alisimama kutoa baraka, akaanza vizuri kabisa. Baraka yenyewe haikufika mbali.

"Mujukuu yangu, olewa na amani," alisema. "Lakini usiolewe na mwanaume kama babu yako. Huyu nilimutuma kufunga mbuzi. Akaifunga na nini? Na kikwembe changu cha kuvaa! Mbuzi ikaondoka na kikwembe, ikapita mbele ya kanisa, batu banatoka misa! Ndiye huyo mume! Mumuone, anacheka!"

Watu walicheka mpaka hema likatikisika. Miezi michache baadaye Maman Monique aliugua kwa muda mfupi, akafariki. Baada ya matanga, Akonkwa alitokea kwa Ramazani na kisahani chake kwenye mfuko wa shati na parachichi kwenye kikapu. Alivua kofia, akakaa kwenye benchi ya mwisho, akangoja zamu yake. Sauti ya Monique ilipojaa sebuleni, safi kiasi cha kumsikia anameza mate kabla ya neno "kikwembe", mzee aliinamisha uso. Mabega yalimtikisika. Mwanvita alidhani analia, akamsogelea na kikombe cha chai, kumbe anacheka. Halafu ikawa kweli analia.

Tangu hapo alikuja kila Jumamosi kugombezwa. Watu walizoea. Hata walimwachia zamu yake mapema, kwa sababu njia ya Nyantende ni ya kupanda.

Ikafika Jumamosi ambayo Maman Eulalie, aliyekawia sana Uvira kwa biashara ya unga, alikuwa amerudi. Familia zote mbili zilikuja zimevaa. Wa Steve walikaa upande wa dirisha, Tonton Alphonse katikati yao na fimbo yake. Wa Chantal walikaa upande wa jikoni, Maman Eulalie mbele, kitambaa cha kichwa kimesimama kama mnara. Mzee Akonkwa alikuwa kwenye kona yake. Umeme ulikuwepo, tena wa nguvu. Ramazani aliweka kisahani, akaruka sehemu ya kanisa, akaenda moja kwa moja ukumbini.

Kwanza zilisikika sahani. Kisha hotuba ya parrain. Kisha, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa ndani ya maua na maua yalikuwa mbele ya wazee, ikasikika sauti nzito, karibu kabisa, kama mtu anayekunong'oneza begani:

"Hawa batu tuliwapa mbuzi wote wale ya dot. Angalia mu sahani yangu. Kwato! Wametupikia kwato!"

Ilikuwa sauti ya Tonton Alphonse, ikililia mahari. Upande wa jikoni uligeuza shingo. Tonton Alphonse aliitazama fimbo yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

Ramazani aliruka kuizima mashine. Vitufe vyake vilikuwa vidogo kama mbegu za nyanya. Akabonyeza. Mashine haikuzimika, ilirudi nyuma kidogo.

"Kwato! Wametupikia kwato!"

"Zima!" Mwanvita alipiga kelele kutoka mlangoni.

"Nazima!" Ramazani akajibu, akabonyeza tena, na sauti ikaongezeka.

"Acha!" Maman Eulalie alisema. Alikuwa amesimama. "Acha iseme! Tusikie yote! Sisi tulipika mbuzi mbili nzima, na huyu papa anatuimbia kwato?"

Mashine, kana kwamba imeombwa na mwenye amri, ikaendelea. Ikasikika sauti ya mwanamke, ya chini, tamu, isiyo na mvumo wowote:

"Mwangalie ule tonton yao. Sahani ya tatu ile. Na suti ni ya kuazima, ninajua mwenye nayo. Mupe kwato, atafanya nini?"

Ilikuwa ya Maman Eulalie mwenyewe.

Sasa upande wa dirisha ulisimama. Mke wa Tonton Alphonse alitaka kujua suti ni ya nani. Ndugu wa Chantal alitaka kujua mbuzi wa dot walikuwa wangapi hasa, kwa sababu yeye alimwona mmoja akichechemea. Benchi ya msikiti ikaanguka. Chantal alimshika Steve mkono, Steve akamshika Chantal, na wote wawili wakajibanza ukutani kama watu wanaongoja mvua ipite. Ramazani alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine yake, akiibonyeza kila mahali, mpaka mwishowe Mwanvita akaingia na kung'oa waya ukutani.

Ndipo mzee Akonkwa akafungua mdomo, kwa sauti ya mtu anayewaonea wenzake wivu.

"Ninyi munasemwa mara moja tu," alisema, "munabomoa nyumba ya wenyewe. Miye ananigombezaka kila samedi. Na ninarudiaka."

Hakuna aliyetaka kucheka. Aliyeanza ni Chantal, kisha marraine, kisha, akijaribu kujizuia kwa kikohozi, Maman Eulalie. Tonton Alphonse hakucheka. Alivaa kofia, akatoka, na mlangoni akamgeukia Ramazani.

"Redio yangu ya kaseti," alisema, "ina adabu. Inafunikaka batu."

Familia zilipatana polepole, kwa kreti za bia na kwa mbuzi mmoja aliyepikwa mbele ya macho ya wote, sehemu zote zikionekana. Lakini biashara ya Ramazani haikupatana na mtu. Kabla ya Jumatatu kwisha, mji mzima ulijua kwamba mashine ya Papa Ramazani inasikia hata mawazo yaliyoko tumboni. Akiingia kwenye sherehe, mazungumzo yalikatika. Chorale moja ilimwomba aje bila kipaza sauti. Watu walileta visahani vyao, hawakuja kusikiliza, walitaka afute, na walisimama pale mpaka wahakikishe. Katibu wa wauza viatu alileta chake kimevunjwa tayari.

Wakati huohuo Hervé alikuwa amepanga simu za Kichina kwenye meza yake, zile zenye kadi ndogo ndani kama ukucha. Vijana walinunua simu moja, wakapeana nyimbo kwa kuzikaribisha tu simu zao pua kwa pua, bila kumwomba mtu ruhusa wala kumtembelea. Ramazani alizisikiliza. Sauti ya nyimbo ilikuwa ya kuparuza, kama mtu anayeimba ndani ya debe. Alimweleza Hervé jambo hilo kwa urefu.

"Ni kweli, Papa Ramazani," Hervé alikubali. "Iko mubaya sana." Na akawauzishia watu wengine.

Sebule ikabaki na mgeni mmoja. Akonkwa alikuja na parachichi zake, akagombezwa, akanywa chai, akarudi. Lakini magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, na Jumamosi moja alifika amechelewa, fimbo mkononi, jasho limemtoka.

"Papa Akonkwa," Mwanvita alimuuliza, "uko na telefone?"

Alikuwa nayo. Mjukuu wake alimpa. Mwanvita aliichukua, akaminya hapa na pale, akaiweka mbele ya spika juu ya kigoda, akamwambia mumewe: "Weka Maman Monique."

Ramazani alielewa anachotaka kufanya, na moyo wake ukamwuma kama mtu anayetazama kitambaa cha hariri kikifanywa dekio.

"Itanasa kila takataka," alisema. "Itanasa pikipiki za barabarani. Itakunasa wewe."

"Weka."

Akaweka. Ilinasa pikipiki. Ilinasa kijiko kikianguka, na katikati ya mbuzi na kikwembe ilimnasa Mwanvita akiuliza, "Sukari ngapi, Papa Akonkwa?" na Akonkwa akijibu, "Nyingi." Walipoicheza tena, Maman Monique alikuwa anasikika kama yuko ng'ambo ya mto, siku ya upepo. Ramazani aliziba uso. Alitaka kusema wairudie, wafunge madirisha, wangoje barabara itulie.

Mzee alikuwa ameibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye kabisa." Kisha akaishusha, akawatazama kwa uso wa mtu aliyepata nafasi aliyoingoja maisha yote. "Hapa kwenu nilikuwa ninaona haya kumujibu. Batu wengi. Sasa nitaendaka naye mu shamba ya maharagi, tutaongea vizuri. Ile mbuzi haikufungwa mubaya. Ni kikwembe kilikuwa kizee."

Aliondoka kwa furaha, na hakuwahi kurudi Jumamosi tena. Parachichi aliendelea kuzituma.

Siku hizi Papa Ramazani ana kompyuta ya kuazima na mwavuli, hapo hapo Nyawera, na anawajazia watu nyimbo kwenye simu zao. Kwa kila wimbo anaotia anamwonya mteja kwamba ubora si mzuri, na wateja, ambao wana haraka ya kupanda pikipiki, wanasema asante, tia zote. Akipata mtu mwenye muda, humweleza kwa nini minidiski haikushika: Wajapani hawakutuma mashine za kutosha, mji haukuwa tayari, umeme, Hervé. Maelezo hayo huchukua chupa nzima ya soda.

Mtu akimuuliza Mwanvita, jibu lake ni fupi, na hulitoa bila kugeuka kutoka kwenye sufuria yake ya mandazi, ambayo siku hizi imo barabarani mbele ya nyumba na ina foleni.

"Ilikuwa kitu kizuri," husema. "Lakini ilitaka Bukavu muzima ikuye kukaa mu salon yangu. Shika, hizi ziko moto."